Alijua bei ya dagaa: kwa nini watu wanavipa kura vyama vya "sisi wananchi, wao wakubwa"

(Hii niliongea Ngamiani, Tanga, Jumamosi moja baada ya alasiri, kwenye kikao cha vijana na wazee wa mtaa. Kijana mmoja alirekodi kwa simu, nimeiandika karibu kama ilivyotoka, nimeondoa tu zile kelele za "maiki haisikiki huku nyuma".)

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe kwa ndugu zangu wa upande ule. Wazee wangu na mama zangu shikamooni, vijana mambo zenu. Ahsanteni kwa kunialika na ahsanteni zaidi kwa kahawa na kashata, maana mwalimu mstaafu ukimpa kahawa ndo umemfungulia, ataongea mpaka magharibi.

Mada mliyonipa ni nzito. Mmeniuliza kwa nini watu huko Ulaya, Marekani na hata hapa kwetu Afrika wanavipa kura vile vyama ambavyo hotuba yao ni ile ile moja, kwamba sisi wananchi wa kweli tunaonewa, wale wakubwa wametuuza, nipeni mimi niwanyooshe. Wasomi wanaviita vyama vya kipopulisti. Viko vya mrengo wa kulia ambavyo vinaongeza mgeni kwenye orodha ya maadui, viko vya kushoto ambavyo vinaongeza benki na matajiri, ila mkubwa aliyekaa juu yupo kwenye orodha zote mbili.

Kijana aliyenipigia simu aliniambia, "Mwalimu, uje utueleze wale watu wanadanganywaje." Swali lenyewe lilinikera, samahani mwanangu najua uko humu ndani, lilinikera kwa sababu tayari limeshahukumu. Mimi nimekuja kusema kwamba wengi wao hawajadanganywa. Mtu anajua kabisa huyu bwana hayo anayoahidi hayatakuwa, anajua pengine kuliko mimi na wewe, na bado anampa kura, na ukikaa naye ukamsikiliza unakuta ana hesabu zake.

Ngoja niwape la hapa hapa kwanza. Kampeni za miaka ya nyuma, sitaji mwaka wala chama maana humu kuna watu wa kila rangi na nataka nifike nyumbani salama. Wagombea wawili walikuja pale Deep Sea, samaki wanakoshuka, mmoja asubuhi mwingine mchana. Wa asubuhi alikuja na msafara wa magari yenye vioo vya giza, akashuka kwenye lami wala hakufika mchangani, akasomewa risala, akaijibu risala, akataja miradi na takwimu, nzuri tu wala sio za uongo, akaondoka. Si wenyewe tunasema Tanga waja leo waondoka leo, basi waheshimiwa ndo wameishika hiyo kuliko watalii. Wa mchana alikuja na bodaboda. Akavua viatu, akakunja suruali, akaenda mpaka yanapofika maji, pale boti zinaposhusha, akainua ndoo ya dagaa kama anaipima uzito akauliza, "Leo bado kumi na nane au ishafika ishirini?" Watu wakacheka maana siku ile bei ilikuwa hapo hapo kati ya kumi na nane na ishirini, wanabishana toka asubuhi. Akauliza mafuta ya boti. Akauliza ushuru wa ndoo anachukua nani na risiti mnapewa? Hapo kelele zikaanza, kila mtu anataka kusema. Akasema mkinipa, huo ushuru nautoa siku ya kwanza.

Sasa mnajua na mimi najua, mbunge peke yake hafuti ushuru, ushuru umo kwenye sheria ndogo za halmashauri, una vikao vyake na madiwani wake na hela yake ishapangiwa bajeti. Jioni nikamwambia hivyo mzee mmoja fundi boti, tunakaa naye barza moja. Akanisikiliza mpaka mwisho, mtaratibu sana yule mzee, akasema, "Mwalimu, mimi najua hafuti kitu. Lakini alijua bei ya dagaa."

Twendeni Uingereza sasa. Kuna mji unaitwa Grimsby, mashariki kule, mji wa wavuvi, zamani ilikuwa moja ya bandari kubwa kabisa za uvuvi duniani. Meli zao zilikuwa zinakwenda kaskazini kwenye baridi kali, maji ya karibu na Aislandi, kuvua samaki wa cod. Aislandi wakaanza kusogeza mpaka wa bahari yao, mwaka 1958 wakasema maili 12, mwaka 1972 wakasema 50, mwaka 1975 wakasema 200. Uingereza ikapeleka mpaka manowari, meli zikawa zinagongana huko baharini, mwisho Uingereza ikasalimu amri. Na mji wa Grimsby ukawa ndo umekwisha, meli zikauzwa, viwanda vya barafu vikafungwa, vijana wakaondoka. Haya, Juni 2016 ikaja kura ya maoni ya kubaki au kutoka Umoja wa Ulaya. Nchi nzima ilikuwa kama 52 kwa 48, lakini Grimsby na majirani zake karibu asilimia 70 walisema tutoke, na ukiwauliza wengi walikuwa wanakwambia Ulaya imetuchukulia samaki wetu.

Lakini Aislandi haijawahi kuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya hata siku moja! Ndo maana nasema kaeni na hili kidogo. Siwakatalii kabisa, sera ya pamoja ya uvuvi ya Ulaya ilikuja kuwabana baadaye na migawo yake, hiyo kweli, lakini pigo lenyewe lilitoka kwingine. Wasomi wa London wakaandika, oneni wajinga hawa, hawajui hata nani aliwaua. Sawa. Lakini toka meli za kwanza zilipouzwa mpaka 2016 ni miaka zaidi ya thelathini, kuna mkubwa gani alikwenda pale akakaa na wale watu akawaambia, jamani, hiki ndo kilichotokea na hiki ndo tutafanya? Aliyekwenda akasema "nyie mmeonewa" alikuwa wa chama cha kelele, na alimtaja mwizi asiye sahihi, lakini kuonewa walikuwa wameonewa.

Na sisi Tanga tusicheke. Mkonge wetu hapa, ulioletwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893, mwaka 1964 nchi hii ilizalisha kama tani 230,000 na hakuna aliyetufikia duniani. Leo ukimuuliza mtu nani aliua mkonge, mmoja atakwambia Azimio la Arusha la 1967 na kutaifisha mashamba, mwingine atakwambia mameneja walikula, mwingine atakwambia wazungu walitufanyia makusudi. Kamba za nailoni hutazisikia sana, na bei ya dunia iliuawa na kamba za nailoni kwa kiasi kikubwa. Hutazisikia kwa sababu nailoni huwezi kuipigia kura ya kuikataa. Mtu akiumia anatafuta uso, anatafuta mtu wa kumwambia "wewe".

Mji mwingine huko huko, Sunderland. Huo ulikuwa wa meli na makaa ya mawe, karakana ya mwisho ya meli ikafungwa mwaka 1988, mgodi wa mwisho 1993. Walichobaki nacho kikubwa ni kiwanda cha magari cha Nissan ambacho gari zake nyingi zinauzwa Ulaya. Waliambiwa wazi mkitoka Ulaya kiwanda kinaweza kupata taabu. Asilimia 61 wakasema tutoke. Nimesoma sana kuhusu hao watu, na ninachokiona mimi ni kwamba hoja ya "uchumi utaharibika" inamtisha mtu ambaye uchumi unamfikia, sasa yule ambaye uchumi ulishaharibika kwake toka 1988 unamtishia nini.

Ujerumani je? Hapo ndo nataka wazee wa viwandani mnisikilize, wale wa kiwanda cha mbolea, wa chuma, wa mbao, mpo humu nawaona. Ukuta wa Berlin ulipoanguka, viwanda vyote vya serikali ya Ujerumani Mashariki vikawekwa chini ya shirika moja linaitwa Treuhand, kazi yake kubinafsisha. Wafanyakazi kama milioni 4 walikuwa chini yake mwaka 1990. Mwisho wa 1994 shirika likafunga hesabu zake na sehemu kubwa ya zile ajira ilikuwa imekwenda na maji, vingine vimeuzwa, vingine vimefungwa, mashine zimebebwa. Watu wakaambiwa vumilieni, soko litajipanga. Sisi ubinafsishaji wetu wa miaka ya 90 si mnaukumbuka, ile lugha mnaijua. Wasichana wenye elimu wakahamia magharibi, wakabaki wazee na vijana wa kiume.

Sasa kuna chama kinaitwa AfD kimeanzishwa 2013. Cha ajabu kilianzishwa na maprofesa wa uchumi waliokuwa wanapinga sarafu ya euro, wala sio walalahoi. Mwaka 2015 wakimbizi wengi sana wakaingia Ujerumani, wengi kutoka Syria, chama kikageuza gia kikawa cha kupinga wageni, 2017 kikapata asilimia 12.6, Februari 2025 kikapata 20.8, cha pili nchi nzima. Na wapi kina nguvu zaidi? Mashariki kule kule kwa Treuhand. Jimbo la Thuringia, Septemba 2024, walikuwa wa kwanza kwa karibu asilimia 33. Na mashariki ndo kuna wageni wachache kuliko magharibi!

Hilo la wageni linachanganya watu wengi kwa hiyo nilisemee kidogo. Kuna sehemu Wales inaitwa Blaenau Gwent, wageni wa kuhesabu, kiwanda chao cha chuma kilifungwa 2002, Umoja wa Ulaya umewajengea barabara na vyuo kwa hela nyingi, na asilimia 62 wakapiga kura ya kuukataa. Halafu kuna Boston ya Uingereza, mji wa mashamba ya mboga, wafanyakazi kutoka Ulaya Mashariki waliingia wengi kwa muda mfupi, na wao karibu asilimia 76 wakasema tutoke, ndo waliongoza nchi nzima. Halafu London yenyewe ambayo imejaa wageni toka zamani, kama asilimia 60 wakasema tubaki. Kwa hiyo wingi wa wageni peke yake haukupi jibu. Ukiniuliza mimi, kinachowashtua watu ni mambo kubadilika ghafla bila mtu yeyote kuwauliza, na hapo mgeni wa watu anakuwa ndo anaonekana, yeye mwenyewe maskini kaja kuvuna kabichi.

Na msije mkatoka hapa mnasema mwalimu kasema ni umaskini. Sikusema. Waliopigia kura Brexit, hiyo ya Uingereza kutoka Ulaya, wengi ni wazee wenye nyumba zao na pensheni zao. Hao maprofesa wa AfD hawakuwa na njaa. Maskini kabisa mara nyingi hata hapigi kura, ana shughuli ya kutafuta mlo. Anayekwenda huko sana ni yule aliyekuwa na kitu na anaona kinamponyoka, au anaona mwanawe hatafika hata pale alipofika yeye. Fundi aliyekuwa anaheshimika mtaani, leo anaitwa "asiye na ujuzi".

Hapo kwenye heshima ndo nataka kukaa.

Marekani 2016. Kuna wilaya zaidi ya 200 ambazo zilimchagua Obama 2008, zikamchagua tena 2012, halafu 2016 zikampa Trump. Wale wale watu, au wengi wao. Sasa mtu akikwambia waliompa Trump wote ni wabaguzi tu, muulize hao vipi, maana walimpa mtu mweusi mara mbili. Obama alikuja na neno "mabadiliko", wakasubiri, wakaona mabadiliko yamefika Wall Street mabenki yakaokolewa, kwao hayajafika. Akaja mwingine anasema nitavunja vunja. Na ushindi wenyewe ulikuwa mwembamba, majimbo matatu ya viwanda, Michigan, Pennsylvania na Wisconsin, ukijumlisha tofauti yake yote haifiki kura 80,000. Septemba ya mwaka huo mama Clinton alisimama kwenye hafla ya wachangiaji wake New York akasema nusu ya watu wa Trump unaweza kuwatia kwenye kapu la watu wa hovyo. Kesho yake nini kilitokea? Watu walichapisha fulana! Wakaandika kifuani mimi ni wa hovyo, wakavaa wakaenda mikutanoni wanacheka. Ukiona mtu amelivaa tusi lako kama jezi ujue umeshampoteza, hata ukija na sera ya dhahabu.

Vijana wa Coastal mtanielewa. Mtu anakwenda Mkwakwani timu iko mkiani, anajua leo tunafungwa, na analipa kiingilio, kwa sababu pale ndo kwao na pale ndo anapiga kelele na refa anasikia. Kura nyingi za vyama hivi ziko hivyo. Hawaendi kununua sera.

Lakini kuna upande mwingine ambao sio wa moyo, ni wa hesabu kabisa, nao ni pale vyama vikubwa vinapofanana. Ugiriki ndo mfano mzuri. Walikuwa na vyama viwili vinapokezana, Pasok na Demokrasia Mpya. Mwaka 2009 Pasok ilipata kama asilimia 44. Kumbe vitabu vya serikali vilikuwa vimepikwa, madeni yakalipuka, 2010 wakopeshaji wakaja na masharti, punguza pensheni, punguza mishahara, uza mali ya umma, sisi wa zama za ruksa na marekebisho ya uchumi masharti hayo tunayajua kwa sura. Na vyama vyote viwili vikasaini! Ukimtoa huyu ukamweka yule, karatasi ni ile ile. Sasa mpiga kura afanye nini? Januari 2015 Pasok ikaanguka chini ya asilimia 5, na chama kidogo cha kushoto, Syriza, kilichokuwa na kama asilimia 4 na nusu mwaka 2009, kikapata 36 kikachukua serikali. Julai 5 mwaka huo wakaitisha kura ya maoni, mnakubali masharti au hapana, asilimia 61 wakasema hapana. Wiki moja baadaye serikali ile ile ikakubali masharti, na wengine wanasema yalikuwa makali zaidi. Halafu Septemba kukawa na uchaguzi tena, na Syriza ikashinda tena. Hapo sasa waambie wanaosema watu wanadanganywa, hawa walidanganyika nini, walishaona kwa macho. Walichosema ni afadhali aliyejaribu.

Uingereza nao sistimu yao ya uchaguzi inaongeza hasira. Mwaka 2015 chama cha UKIP, kile cha kutaka kutoka Ulaya, kilipata kura karibu milioni 3.9, kikapata mbunge mmoja. Mmoja! Chama cha Uskochi kilipata kama milioni 1.5 kikapata wabunge 56, kwa sababu kura zao zimekaa sehemu moja. Mimi sikipendi UKIP hata kidogo, lakini ukiwaambia watu milioni nne kura yenu ni kiti kimoja halafu unashangaa mwaka unaofuata wamepiga meza, unashangaa nini.

Na hii sio mambo ya jana. Jina lenyewe la populisti lilivuma kutoka kwa wakulima wa Marekani miaka ya 1890, Kansas na Nebraska huko. Bei ya ngano imeanguka, kampuni ya reli inajipangia nauli ya mzigo inavyotaka, benki inakamata shamba. Wakaunda Chama cha Watu, 1892 mgombea wao Weaver akapata kura zaidi ya milioni moja na akashinda majimbo manne. Magazeti ya mijini yaliwaita washamba wasiojua uchumi. Walitaka nini? Kodi ya mapato ambayo tajiri analipa zaidi, na maseneta wachaguliwe na wananchi moja kwa moja. Mwaka 1913 yote mawili yakaingia kwenye katiba ya Marekani, chama chenyewe kilishakufa. Walitaka na mambo mengine yasiyowezekana, kweli, na wengine wao walikuwa na chuki zao, lakini shida waliiona kabla ya wenye digrii.

Sasa Afrika. Agosti 16, 2012, Marikana, Afrika Kusini, polisi waliua wachimbaji 34 waliokuwa wamegoma wanataka mshahara. Serikali ni ya ANC, chama cha ukombozi, na vigogo wenyewe walikuwa na hisa migodini. Mwaka uliofuata Malema akaanzisha chama cha EFF, na uzinduzi akaupeleka pale pale Marikana. 2014 wakapata viti 25, wakaingia bungeni na ovaroli nyekundu na kofia ngumu za mgodini, wanawake wamevaa magauni ya wafanyakazi wa ndani. Watu wa suti wakasema wanachafua bunge. Mama yake mtu aliyefua nguo za watu miaka thelathini alipoiona ile gauni kwenye TV, ndani ya bunge, unadhani alitaka kusikia sera?

Zambia, Michael Sata. Huyu alikuwa waziri kwenye serikali zilizopita, hakuwa mtu wa nje hata kidogo, akaunda chama 2001 akapata kama asilimia 3. Akaenda Lusaka mitaa ya wauza sokoni, akaenda migodini kwenye shaba ambako bei ya dunia inapanda na mchimbaji haoni kitu, akawasema wawekezaji wa Kichina, akaahidi kodi ndogo, kazi nyingi, hela mfukoni. Miaka kumi baadaye, 2011, yuko Ikulu. Wachina hakuwafukuza.

Na hapo Horohoro ukivuka tu, Kenya, 2022. Ruto amekuwa makamu wa rais toka 2013, tajiri anayejulikana, na amesimama anasema yeye ni hasla, yaani mtu wa chini anayehangaika, aliuza kuku kando ya reli, na alama ya chama ni toroli. Akashinda kwa asilimia 50 na kidogo. Wakenya hawakujua kuwa ana hela? Wanajua kila kitu wale, wanakutajia mpaka hoteli. Wenzake walikuwa wanaongea katiba na mapatano ya wakubwa, yeye anaongea mkopo wa mama mboga. Juni 2024 mswada wa fedha ukaja na kodi mpya, vijana wakajaa barabarani, tarehe 25 wakaingia mpaka bungeni, wengi waliuawa, kesho yake rais akasema hatasaini. Wapiga kura wa hasla na vijana wa maandamano sio makabila mawili tofauti, mnielewe.

Sisi tulikuwa na 1995. Wazee mnacheka, mshajua nakwenda wapi. Mrema, waziri wa mambo ya ndani anayesikiliza mwenyewe kesi za watu, anatoa siku saba, mume atunze watoto, tajiri alipe deni. Alipotoka CCM akaenda NCCR-Mageuzi watu walilisukuma gari lake barabarani, injini inawaka lakini wanalisukuma! Akapata kama asilimia 28. Nchi isiendeshwe kwa siku saba, nililisema darasani wakati ule na nalisema leo. Lakini yule mama aliyezungushwa mahakamani njoo kesho njoo kesho miaka, akasikia kuna mkubwa anamaliza kwa siku saba, mimi simlaumu. Ningemlaumu hakimu.

Mitandao nayo mnaitaja sana, kwamba ndo inaharibu. Inachangia. Bolsonaro wa Brazil 2018 alikuwa na kama sekunde 8 tu za matangazo ya TV kwenye duru ya kwanza, kazi kubwa ilifanyika WhatsApp, na uongo mwingi ulipita humo. Lakini 1892 hakukuwa na WhatsApp, na hata gari la Mrema halikusukumwa na intaneti.

Dada pale mbele ameniandikia kikaratasi, anauliza, kama ni hasira tu, mbona akishaingia akashindwa hawamtoi? Swali zuri na ndo sehemu inayoniogopesha mimi. Kwa sababu mtu aliyesema "mimi ndo wananchi", siku hakimu akimpinga, hakimu amepinga wananchi. Gazeti likiuliza, limetukana wananchi. Orbán wa Hungaria aliingia 2010 baada ya waziri mkuu wa chama kingine kunaswa kwenye kanda akikiri wamewadanganya watu asubuhi na jioni, kwa hiyo hasira ilikuwa ya haki kabisa. Akapata theluthi mbili ya bunge. Akaandika katiba mpya, akabadilisha sheria ya uchaguzi na mipaka ya majimbo, vyombo vya habari vikaanza kununuliwa na marafiki. Mwaka 2014 kura zake zilipungua mpaka kama asilimia 45, na bado akapata viti 133 kati ya 199. Mwaka 2018 akapata 49, viti 133 tena. Umeona hapo dada? Hasira ya watu ilishapungua, lakini hesabu ilishabadilishwa.

Poland chama cha aina hiyo kilitawala miaka minane kikajaribu kushika mahakama na TV ya taifa, lakini sheria ya kugawa viti ilibaki vile vile. Oktoba 2023 wakajitokeza asilimia 74 ya wapiga kura, foleni za vijana mpaka usiku wa manane, kile chama kikaongoza kwa asilimia 35 lakini viti vya kuunda serikali havikutosha na wengine wakaungana wakakitoa. Kwa hiyo kumtoa inawezekana, inategemea ukifika kituoni umekuta sheria ipi. Haya, na mimi nimechoka kusimama, maiki iende kwa mama yule wa kitenge cha kijani, alianza kunyoosha mkono toka nipo Grimsby.